Saa Nane na Nusu ya Mzee Rotich

Kapsoya, Eldoret
Jumamosi asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Kwanza nataka habari za magoti. Mama mdogo ameniambia kwamba mvua za huko Werugha hazijakatika na kwamba wewe bado unateremka mwenyewe hadi shambani kuangalia kabichi, tena bila fimbo. Baba, fimbo haimzeeshi mtu. Ichukue. Mimi ni mzima, sina hata kikohozi, na baridi ya Eldoret imechoka kunitisha. Leo nina habari ambayo singeweza kuipitisha kwa simu. Masikio yako na simu hayapatani siku hizi, na sikutaka Mama mdogo akupigie kelele nusu ya habari yangu huku akigeuza ugali. Vaa miwani, kaa mlangoni penye mwanga, na usiruke kurasa.

Unakumbuka tulivyokubaliana siku niliyomwacha Mghoi kwako. Miezi sita ya kutazamwa kazini. Nikithibitishwa, nije kumchukua mwanangu aanze shule huku. Nisipothibitishwa, nifunge virago nirudi nyumbani. Basi mwezi wa sita ulikuwa huu, na wiki ya mwisho ya mwezi ilikuwa hii iliyokwisha jana. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kuandika ila woga, na woga wangu unaujua tangu nikiwa mdogo.

Ofisi yetu hutunza kumbukumbu za vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mkulima akileta maziwa asubuhi, kilo zake zinaandikwa, na maandishi hayo yanakaa kwenye mashine yetu hapa mjini. Mashine ya sasa imechoka. Wakulima wakifika wote kwa pamoja inafunguka kwa kujivuta, na watu wanasimama foleni na mitungi huku jua linapanda. Chama kimoja kikubwa kikasema kinataka mashine mpya, na kilichobaki kuamuliwa kilikuwa diski, yaani ghala ambamo kompyuta huweka kila inachoandikiwa. Zililetwa za aina mbili. Fundi wetu, Mzee Rotich, akabandika moja stika ya kijani na nyingine stika nyekundu, tukaambiwa tupime ipi ina kasi zaidi.

Wewe uliyekaa miaka yote ile kwenye mizani ya mabunda ya katani utaelewa kazi hii kuliko watu wengi wa hapa. Diski unaiweka kwenye mashine, unaiamuru iandike na kusoma kwa nguvu zake zote, halafu mashine inakutolea ukurasa wa matokeo. Mzee Rotich alikuwa akiweka diski ya kijani asubuhi, na baadaye mchana anaing'oa na kuweka nyekundu, ambayo inakaa mpaka kesho yake. Kila anapobadilisha, anaandika saa kwenye daftari lake la shule. Mashine yenyewe ilipima bila kupumzika, ukurasa mmoja kila dakika tano, kwa siku tano mfululizo. Kurasa zilipita elfu moja, Baba. Kila ukurasa una mistari kama hamsini ya maneno na namba zilizobanana, na katika yote hayo mimi nilihitaji vitu viwili tu: saa ya kipimo na kasi ya diski.

Kamau, kijana ninayekaa naye meza moja, ambaye amezaliwa Langas na anajua kila kitu hata asichokijua, alisema hiyo ni kazi ya kunakili kwa mkono wiki mbili. Madam Jepkoech, mkubwa wetu, alitaka jedwali baada ya siku mbili. Nikanyoosha mkono nikasema nitaweza. Sijui nani alininyoosha mkono.

Kuna namna ya kuandika ambayo wenzangu huiita regex. Ni mstari mmoja mfupi wa herufi na alama, mbaya kutazama, kama mtu amepiga chafya juu ya kibodi. Lakini mstari huo ni amri. Unaiambia kompyuta: pita katika kurasa zote, tafuta mahali palipoandikwa neno fulani, ruka kilicho katikati, kisha niletee namba inayofuata, yote, na uachie hapo hapo. Huiambii namba ni ngapi, maana wewe mwenyewe hujui. Unaiambia inakaaje: jirani yake wa kushoto ni nani na wa kulia ni nani. Basi inaenda na kurudi, kurasa elfu na zaidi, kabla hujanyanyua kikombe cha chai.

Siku ya kwanza ilirudi na aibu. Diski zote mbili zilionekana na kasi ya saba, ya tatu, ya sifuri, ya nane. Hakuna hata moja iliyofika kumi. Kamau akauliza kama tunapima diski au mkokoteni, na meza zote zikacheka. Ilinichukua asubuhi nzima kujua kosa. Nilikuwa nimeiambia kompyuta iruke chochote kilicho katikati, nayo ni mlafi. Ikaruka na tarakimu zenyewe, ikaniachia ile moja ya mwisho kwa sababu tu amri yangu ilidai angalau tarakimu moja. Na dawa yake unajua ni nini? Alama ya kuuliza. Unaiweka hapo penye ulafi, alama moja ndogo, na kompyuta inaanza kula kwa adabu. Niliiweka, nikaendesha tena, namba zikaja kamili kuanzia juu mpaka chini. Nilicheka peke yangu. Kamau hakucheka, na hilo lilinifurahisha zaidi.

Baada ya hapo nikachukua daftari la Mzee Rotich. Kila siku mistari miwili, mwandiko wake wa kusimama wima: 2:30 kijani, 8:30 nyekundu. Nikaziingiza saa zile kwenye programu kama zilivyo, ili ijue ukurasa upi ni wa diski ipi, nikapata jedwali. Nyekundu ilishinda. Jumatano mchana nikampelekea Madam Jepkoech, akalitazama juu na chini, akasema wakubwa wa chama watakuja kesho saa tisa mchana kuambiwa, na kwamba nimefanya kazi safi. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa tayari nimemnunulia Mghoi sare ya shule kichwani mwangu.

Lakini kulikuwa na kitu kinanikera. Ile nyekundu ilikuwa na tabia mbili. Kuanzia asubuhi ilikimbia vizuri sana, halafu mchana, dakika ile ile kila siku, ikaanguka na kukaa chini hadi kesho. Kijani ilikuwa chini wakati wote. Nilijiambia labda diski nyekundu inapenda ubaridi wa asubuhi. Hebu nicheke, Baba, una ruhusa. Kompyuta iliandika kwamba nyekundu inaanguka saa 14:30, siku zote tano, bila kukosa, na mimi nikaisingizia hali ya hewa.

Alhamisi, saa nne, tulikuwa kwenye chai. Mzee Rotich alikuwa amekaa karibu na dirisha akimenya mahindi ya kuchemsha. Nikamuuliza tu, ili kusema kitu, kama kuna jambo hutokea chumba cha mashine saa nane na nusu mchana, labda umeme unayumba.

"Si umeme," akasema. "Hiyo si ndio saa yangu? Nikitoka lunch natoa ile ya green naweka ya red."

"Lakini wewe unabadilisha asubuhi, Mzee. Umeandika 8:30."

"Ehe. Saa nane na nusu." Akaniangalia kwa huruma kidogo. "Wewe ungeandika aje?"

Baba, kikombe nilikiweka chini. Mzee alikuwa ameandika saa kama anavyozisema, kama unavyozisema wewe, kama nilivyozisema mimi maisha yangu yote. Mbili na nusu ni asubuhi, watu wanaingia kazini. Nane na nusu ni mchana, watu wanatoka kula. Mimi, binti wa Mtaita, niliyejua kusema saa kumi na mbili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimekaa na saa za kompyuta mpaka nikasahau saa za watu. Kompyuta haikulalamika, maana mashine ilipima usiku na mchana na kila saa niliyoitajia ilikuwa na ukurasa wake. Ikachukua vipimo vya alfajiri, ambavyo ni vya nyekundu, ikaviita vya kijani. Ikachukua vile vya asubuhi vya kijani, vizuri kuliko vyote, ikaipa nyekundu sifa. Wakulima walikuwa karibu kuchaguliwa diski mbovu kwa kura za diski nzuri.

Nilimwambia Kamau kwanza, kwa sauti ya chini. Akafikiri, akasema bila ubaya wowote: "Wachana nayo. Diski ni diski. Uko na siku moja ya probation imebaki, unataka kujichoma?" Nami sitakudanganya, nilikaa na maneno yake. Nilikaa nayo muda wote wa kuosha kikombe na kukifuta na kukirudisha kabatini. Nilimwona Mghoi ameshika begi lake mlangoni kwako. Nikaona pia ile foleni ya mitungi. Nilikuwa na hasira, kwanza na mimi mwenyewe, halafu na Mzee Rotich, halafu na mtu wa kale aliyeamua kwamba siku ianze usiku wa manane ilhali kuna jua la kuianzisha.

Nikapanda ngazi. Madam Jepkoech alikuwa akipanga karatasi za mkutano, jedwali langu likiwa juu. Nikamwambia kwamba jedwali lile si kweli, na kwamba diski bora ni ya kijani, nadhani, ila nahitaji muda wa kuhakikisha. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Halafu akauliza swali moja.

"Kosa ni ya nani? Ya Rotich?"

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi zaidi kusema ndiyo. Daftari ni lake, mwandiko ni wake, na yeye anastaafu mwakani.

"Ni langu, Madam. Mzee aliandika saa vizuri. Mimi nilisoma vibaya."

Akachukua jedwali langu akalikunja mara mbili akaliweka kwenye pipa. "Wageni wanafika saa tisa," akasema. "Saa tisa ya watu, sio ya kompyuta. Nenda urekebishe."

Unajua kurekebisha kulichukua muda gani? Mstari mmoja. Niliifundisha programu kwamba inapoona saa kwenye daftari la Mzee Rotich, iongeze sita. Basi. Nikaendesha tena, na zile tabia mbili za nyekundu zikapotea kana kwamba hazikuwepo. Kijani ikakaa juu, imenyooka, siku zote tano. Nyekundu ikakaa chini, imenyooka vilevile. Hakuna ukurasa hata mmoja uliokwenda upande usio wake. Nilifungua kurasa ishirini kwa mkono na macho yangu, nikalinganisha, zote zikakubali. Sijawahi kuona namba nzuri namna hiyo. Nilitaka kumwita mtu azione, na mtu wa kumwita alikuwa Kamau, naye akaja, akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Wee. Zimekubali." Toka kwa Kamau hiyo ni hotuba.

Wageni walikuja watano, na mwenyekiti wao ni mzee mrefu wa Kesses mwenye kofia ambayo hakuivua. Nilidhani Madam atasoma matokeo yeye mwenyewe. Akasema, "Wakesho atawaeleza, ndiye alifanya," na akakaa. Basi nikasimama. Niliwaeleza yote, pamoja na kosa, maana nilishakuwa nimechoka kulibeba. Nilipofika pale programu ilipoelewa mbili na nusu kuwa ni ya usiku, mwenyekiti akainua mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hivyo kompyuta ilifikiria Rotich anatoka kwa kitanda saa nane usiku kuja kuweka diski?"

Nikasema ndivyo hasa. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mzee Rotich, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema mke wake hawezi kumruhusu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali gumu. Walitaka kuona mistari miwili ya mchoro wangu kwenye ukuta, ile ya juu na ile ya chini, nao wakaiona. Mwenyekiti akauliza kama na ile ya kijani siku ya foleni ndefu itahimili. Nikamwonyesha vipimo vya kazi nzito kuliko foleni yao yoyote. Akatikisa kichwa kukubali na kusema iwekwe ya kijani. Nilikuwa nimesimama mbele ya wazee watano nikiwajibu, Baba. Ningependa ungekuwepo. Ningependa na Mama angekuwepo.

Jana Ijumaa Madam Jepkoech akaniita asubuhi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa onyo, maana kosa ni kosa hata likichekwa. Barua ilikuwa mezani, imeshatiwa sahihi.

"Watu wa kuandika programu nimekuwa nao wengi," akasema. "Mwenye anarudi kuniambia amekosea kabla wageni wafike, sijakuwa naye. Karibu kazi."

Nimethibitishwa, Baba. Naandika tena uone vizuri: nimethibitishwa. Na ule mstari wangu mbaya wa alama umewekwa uwe wa ofisi nzima, vipimo vyote vitapita hapo. Kamau alipendekeza Mzee Rotich afundishwe kuandika saa za kompyuta. Nikakataa. Mzee ataendelea kuandika kama anavyosema, na programu ndiyo itakayomwelewa. Mzee aliposikia hivyo alinipa hindi zima.

Sasa nifike kwenye lililo gumu. Furaha yangu inakuchukulia mtu nyumbani, na hilo nimelijua tangu barua ile ilipotua mkononi mwangu. Tangu Mama atutoke, huyo mtoto ndiye anayekuamsha, ndiye anayekutafutia miwani, ndiye anayekusomea majina kwenye mifuko ya mbegu. Sitasema utazoea. Nimefikiri jambo moja, na usilikatae kabla ya kulala nalo: shule zikifungwa nitakuja mwenyewe, na tutaondoka watatu. Ukae nasi likizo nzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama mashariki, na kuna mzee wa mahindi ya kuchemsha anayetaka kukuuliza mizani ya katani ilikuwaje. Ukichoka nasi nitakurudisha mimi mwenyewe, na kabichi zako Mama mdogo atazitazama.

Nisalimie Mama mdogo Mkamburi, mdogo wake Mama, na umwambie kwamba mimi sikondi, ni picha tu. Nisalimie mjomba Mwadime, mfuga nyuki wetu, asali yake imeisha na Kamau ndiye aliyeimaliza. Nisalimie Mwakio, kaka yangu, na mkewe, na yule mtoto mchanga ambaye bado sijamwona. Wote uwaambie kwa mdomo wako. Najua utafurahia kuwaambia.

Ni mimi binti yako mwenye kazi,
Wakesho

Hapa chini ni kwa Mghoi. Nimeandika kwa herufi kubwa. Mpe karatasi na usimsaidie.

MGHOI, SOMA MWENYEWE.
MAMA AMEPATA KAZI.
SHULE IKIFUNGWA NINAKUJA KUKUCHUKUA.
KITANDA KIPO. JANA NILIKILALIA NIKIJARIBU.
TUNATOSHA WAWILI.